Nusu Kijiko cha Ndimu ya Unga

Jumapili hiyo Mzee Justin alimeza gamba. Tuseme alijaribu kulimeza. Matangazo ya usharika yalisomwa wakati wa chai, maana wakati wa ibada hakuna aliyeyasikiliza, na mzee wa watu alikuwa amefika kwenye habari za paa linalovuja, kikombe mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Akapiga funda. Akakohoa. Akakohoa tena mpaka meno yake ya bandia yakachomoka yakatumbukia kikombeni, chubwi! Watoto wakaangua kicheko. Mchungaji Method akasema, "Tusimame tuombe," kwa kuwa yeye akikosa la kufanya husema tusimame tuombe.

Watu wakafumba macho. Elieshi hakufumba. Alikuwa nyuma ya ukumbi, kando ya birika lake, anakitazama kile kikombe. Alijua gamba limetoka wapi.

Birika lilikuwa la umeme, la lita ishirini, lenye koki chini. Miaka kumi na mmoja Elieshi, mama Aikande, ndiye aliyelishika katika usharika ule wa Waswahili uliokodi kanisa la Waingereza huko Lewisham. Waingereza wakishatoka, wao wanaingia, na kabla Mchungaji hajapanda madhabahuni Elieshi ameshawasha. Anatia maji, anatia tangawizi iliyopondwa, anatumbukiza majani ndani ya mfuko wa kitambaa, halafu maziwa anayamimina humo humo birikani, yachemke pamoja mpaka yapande. Chai ya kutiwa maziwa juu ya kikombe, kama wafanyavyo wenye nchi, yeye aliiita maji ya kuoshea kikombe.

Sasa maji ya Landani yana mifupa. Kule Machame alikotoka, maji yalishuka mlimani yakapita mferejini, na sufuria yake ya miaka arobaini ilikuwa nyeusi kwa nje tu. Huku, kila ukichemsha, maji yanakuachia chokaa, leo utando, kesho utando, mpaka tumbo la birika limevaa ukoko mweupe mgumu kama saruji. Siku ukoko umechoka kukaa, unabanduka na kwenda kumtembelea Mzee Justin.

Kamati ikakaa siku hiyo hiyo: Mchungaji Method, Mzee Justin ambaye meno yake yalishasuuzwa, na Anastasia, katibu. Anastasia alifanya kazi katika ofisi ya nyumba za serikali na alipenda kila kitu kiwe na fomu. Akatoa picha ya mashine.

"Unabonyeza tu, Mama Aikande. Chai, kahawa, chokoleti."

"Na tangawizi unabonyeza wapi?"

"Mama, usinielewe vibaya. Umefanya kazi kubwa. Pumzika sasa."

Pumzika! Elieshi katika kanisa lile neno hilo alilisikia likiambiwa maiti tu. Masikio yake yalikuwa yamepunguza kazi, mahubiri alikuwa anayaona midomoni. Kwaya walishamtoa kwa heshima na kanga mbili. Alichobaki nacho ni birika. Pale kila mtu alikuja mbele yake na kikombe, akamwambia shida zake, kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, hivyo hakuna siri ya usharika iliyompita. Wakimnyang'anya birika atakaa nyumbani kwa Aikande Jumapili nzima akitazamana na kile chuma cha kupasha nyumba joto.

"Askofu anakuja wiki ijayo," Mchungaji alisema kwa upole. "Mama, likionekana gamba moja tu siku hiyo, tutaleta mashine."

"Halitaonekana," alisema Elieshi.

Jumatatu alikwenda na kisu. Akakwangua mpaka mkono ukafa ganzi, na kilichotoka ni kelele. Jumanne akachemsha siki. Ukoko ulilegea kidogo, lakini kanisa zima likanuka kama duka la chipsi, na Mwingereza anayetunza funguo akaja kuuliza kwa adabu kama kuna mtu anapika samaki. Jumatano akaenda kwa Jitendra.

Jitendra alikuwa mgane wa miaka sabini na mitatu, mzaliwa wa Moshi mjini. Siku hizi alishinda ndani ya duka la viungo la mkwewe karibu na soko, juu ya kreti la soda, kazi yake kuziba njia. Zamani alitunza mitambo ya mvuke katika kiwanda cha kufua mashuka, miaka thelathini. Alipenda kusema kwamba wenzake walikuja Uingereza kuona kasri la malkia, yeye ameona matumbo ya mabomba.

"Kaka Jitendra, nipe dawa ya kuua chokaa."

"Chokaa haifi, dada. Chokaa inabembelezwa."

"Kambembeleze mkweo akupe kiti. Mimi nina birika na Askofu anakuja."

Jitendra akacheka, akasogea kwenye kreti. "Kaa hapa. Sikiliza. Chokaa ikiwa ndani ya maji huioni, imetawanyika. Maji yakichemka, inaanza kutafutana. Punje moja inashika ukuta, ya pili inaishika ya kwanza, ya tatu inakuja na shangazi zake. Kama ninyi Wachaga: mmoja akipata chumba Landani, mwaka wa pili mko kumi na wanne."

"Na ninyi Wahindi?"

"Sisi tunafungua duka kwanza."

Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua pakiti ndogo ya ndimu ya unga, ile ile Elieshi aliyoijua kutoka kwenye achari za Moshi. "Sasa hii ina kazi mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni kung'oa ukoko wa zamani. Hapo tia nyingi, maji ya vuguvugu, acha iule ukoko, mwaga, suuza. Ya pili ni kuzuia ukoko mpya. Hapo unatia kidogo, kidogo kabisa, kila unapochemsha. Ndimu inazidaka zile punje zingali changa, inazing'ang'ania ubavuni, zinakosa pa kushikana. Zinabaki vumbi laini ndani ya maji, halisumbui mtu. Nusu kijiko cha chai kwa birika zima."

"Nusu kijiko? Kwa lita ishirini?"

"Nusu."

"Hiyo unatia au unaipitisha juu yake kama chetezo?"

"Dada, nimekwambia nusu."

Jumamosi Elieshi alifanya ile kazi ya kwanza. Akatia pakiti nzima kwenye maji ya vuguvugu. Ukoko ukaanza kuzomea, ukatoa mapovu kama soda iliyofunguliwa, na baada ya saa moja ukabanduka vipande vipande. Alipomwaga na kusuuza akainama, akaona ndani ya birika uso wa mwanamke mzee. Akadhani ni marehemu mama yake. Akasalimia kabla hajajitambua.

Kama angeishia hapo hadithi ingekuwa fupi. Lakini Jumapili ikafika, Askofu akafika, mwenyewe mtu wa kwao kabisa, amevaa msalaba mkubwa kama kitasa cha mlango, na Elieshi akasimama jikoni na nusu kijiko cha ndimu mkononi. Akakitazama. Akayatazama maji lita ishirini. Mwanamke huyu alikuwa amepikia harusi za watu mia tatu, na kule kwao mpishi anayepima kwa kijiko anashukiwa kwamba anaficha nyama. Akaona haya. Nusu kijiko mbele ya Askofu! Akaingiza mkono katika pakiti mpya, akatia konzi la Baba. Akatia konzi la Mwana. La Roho Mtakatifu lilikuwa nusu kwa sababu pakiti iliisha.

Kisha, kama kawaida yake, akamimina maziwa.

Maziwa hayakugombana naye. Yalikaa kimya kidogo kama mtu anayefikiri, halafu yakakatika. Kukawa na madonge yanaogelea juu, na chini maji ya kijani kijani. Elieshi akakoroga, madonge yakaongezeka. Akaweka sukari. Wapi! Nje walikuwa wameshamaliza wimbo wa mwisho na Anastasia alikuwa mlangoni na trei.

"Mama, Baba Askofu anasubiri."

"Mwambie aimbe kidogo."

"Mama!"

Anastasia akafungua koki mwenyewe. Kikatoka kitu, kikasita, kikatoka tena. Ungemwona huyo katibu! Uso wake ulisikitika, mabega yalikuwa yanacheza. Akakibeba kikombe mpaka mbele ya watu, akampa Askofu kwa mikono miwili.

Askofu akanywa. Ni mtu aliyezoea kula kila anachopewa na waumini, kwa hiyo uso haukubadilika. Akatafuna. Akameza.

"Mama," alisema, "hii tunakunywa au tunaomba kijiko?"

Kanisa lilicheka mpaka Mchungaji Method akasema tusimame tuombe, na hapo walicheka na macho yamefumbwa. Kamati haikuhitaji hata kukaa kitini. Mashine ije, Jumapili ya tatu. Anastasia akamkabidhi Elieshi katoni yenye mwiko wake, kinu cha tangawizi, na mfuko wa majani ya chai ukiwa bado umelowa.

Elieshi hakulia. Alipanda basi na katoni yake mapajani, akashuka karibu na soko, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kreti la soda.

"Umenichinja, Jitendra."

"Ulitia kiasi gani?"

"Kidogo."

"Dada."

"Makonzi mawili na nusu."

Jitendra alicheka mpaka mkwewe akatoka ndani kutazama kama ni kifafa. Akapangusa macho. "Na maziwa ukayatia humo humo! Dada Elieshi, hiyo ni njia ya kutengeneza jibini."

"Cheka ukimaliza uniambie. Hiyo nusu yako nayo isingekata maziwa?"

"Isingekata."

"Unajua au unasema?"

Jitendra akaacha kucheka. "Maziwa sikuwahi kuyatia kwenye mtambo wa mvuke," akakiri.

"Basi tutajua," alisema Elieshi.

Na hapo ndipo ungemjua huyu mwanamke. Kwa subira, angeweza kungoja kunde zichanue huku amesimama. Alikwenda nyumbani akachukua sufuria tatu sawasawa, akazipanga jikoni kwa Aikande. Ya kwanza maji matupu ya bomba. Ya pili maji na chembe ya ndimu, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Ya tatu akaitia kwa ule mkono wake wa harusi. Akachemsha, akamwaga polepole, akajaza upya, akachemsha. Asubuhi, adhuhuri, alasiri. Siku kumi na mbili.

Aikande alikuwa nesi na alirudi kutoka zamu amechoka. "Mama, unapika nini?"

"Maji."

"Na hiyo nyingine?"

"Maji."

"Mama, umeme!"

"Nyamaza, unaharibu hesabu."

Kila siku alasiri Elieshi alifunga sufuria moja au mbili ndani ya kanga, akaziweka kifuani chini ya koti, akapanda basi kwenda kumwonyesha Jitendra. Sasa Lewisham si Machame lakini macho ni yale yale. Mwanakwaya mmoja alimwona akiingia dukani. Siku ya pili akamwona tena. Siku ya tatu alimwona amekaa kwenye kreti moja na mzee wa Kihindi, vichwa vimegusana, wanachungulia kitu ndani ya koti. Usiulize yaliyosemwa kwenye simu wiki ile. Mpaka Ijumaa usharika mzima ulijua kwamba Mama Aikande, mwenye miaka sabini na mmoja, amepata mtu.

Elieshi hakujua. Yeye alikuwa anatazama sufuria. Ya kwanza ilikuwa imevaa ukoko, ukiugonga na ukucha unalia. Ya pili ilikuwa na vumbi laini chini, ukizungusha maji linainuka na kuondoka nayo, na ukuta wake ni mtupu. Ya tatu ndiyo iliyomshangaza. Nayo ilianza kuvaa weupe.

Jitendra alikwangua weupe ule, akauweka kiganjani, akavaa miwani. "Hii si chokaa ile ya kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na adui wa ujanani. "Hii ni ndimu yenyewe na chokaa, wameoana. Ukizidisha ndimu kwenye maji ya moto, wanaoana na kujenga nyumba mpya. Nilimfukuza kijana mmoja kazi kwa sababu ya kitu hiki. Naye alikuwa mkarimu kama wewe."

Wakachemsha maji ya sufuria ya pili kwenye jiko la mkwewe, wakatia majani, tangawizi, na maziwa. Wakasimama wote watatu, mkwe akiwemo, wakiyakodolea macho. Maziwa yakapanda, yakashuka, yakabaki mazima.

"Kumbe," Jitendra alisema taratibu. "Haya maji yana chokaa ya kutosha kuumaliza ukali wa ile chembe. Mpaka maziwa yanaingia, ugomvi umeshakwisha."

Elieshi akanywa kikombe chote ndipo akajibu. "Kumbe," alisema.

Jumapili ya tatu mashine ilikuwa imefika, imesimama nyuma ya ukumbi ndani ya nailoni, inangoja kubarikiwa baada ya ibada. Elieshi aliketi benchi la mbele kabisa akiwa na kikapu miguuni. Watu wakatazamana.

Katika sharika zao kuna saa ya kurudi kundini. Aliyekosa akatengwa anasogea mbele, anaungama, Mchungaji anauliza watu, watu wanampokea, basi, amerudi mahali pake na hakuna tena ruhusa ya kumkumbusha. Kwa kawaida kosa ni moja, lile linaloonekana tumboni baada ya miezi mitano. Mchungaji Method alipouliza kama yupo anayetaka kurudi kundini, aliuliza kwa mazoea tu, ameshafungua kitabu ukurasa unaofuata.

Elieshi akasimama na kikapu chake.

Kanisa likaguna. Mwanakwaya yule akamfinya mwenzake. Mchungaji akashuka ngazi moja, akainama karibu na sikio lake, akasahau kwamba kipaza sauti kiko shingoni.

"Mama yangu, ungama kosa tu. Si lazima umtaje... huyo mwenzako."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule... wa dukani."

Ndipo Elieshi alipoelewa. Aligeuka akawatazama watu wote, benchi baada ya benchi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akacheka.

"Poleni," aliwaambia. "Laiti ingekuwa hivyo, ningekuwa nimevaa vizuri zaidi. Mimi naungama ndimu."

Akaungama yote. Akaungama makonzi mawili na nusu, na sababu yake, kwamba aliona haya kuonekana mchoyo mbele ya Askofu. Akatoa sufuria tatu, akazipitisha benchi la mbele, benchi la pili, watu wakagonga kwa kucha, wakanusa, watoto wakaingiza vidole. Akawaeleza chembe inavyozuia na konzi linavyojenga. Mzee Justin alishika ile ya pili muda mrefu, akauzungusha mkono ndani yake, akautazama, mkavu na safi.

Mchungaji alitafuta kitabuni sala ya ndimu, hakuiona. Akasoma iliyopo.

"Usharika, mnampokea dada huyu arudi mahali pake?"

"Tunampokea!" Walipiga kelele kweli kweli, nusu kwa furaha, nusu kwa kukosa uhondo waliokuja nao.

"Amina," alisema Elieshi. "Mahali pangu ni pale." Akanyoosha kidole nyuma, kwenye birika lililosukumiwa kando ya mashine.

Anastasia akainuka kama amekalia sindano. "Mchungaji, hapana, hiyo si maana yake. Kamati imeshaamua."

"Katibu, umesema tunampokea au hukusema?" Elieshi akamuuliza.

"Nimesema, lakini..."

"Nimekusikia hata mimi mwenye masikio haya. Sauti yako ilipita ya kwaya."

Mchungaji akamtazama Mzee Justin. Mzee Justin akaitazama sufuria. "Kitabu kinasema mahali pake," alisema mzee. "Hakikusema benchi." Akainuka, akakokota miguu mpaka nyuma, kofia yake mkononi, akaitundika juu ya mashine, na hapo kila mtu akajua shauri limekwisha.

Elieshi aliingia jikoni na birika lake wakati wanaanza wimbo. Akajaza birika. Akachota ndimu kwa kijiko, akakisawazisha kwa ubapa wa kisu, akaikata ile ndimu katikati kama anagawa urithi, akarudisha nusu kwenye pakiti. Nusu iliyobaki akaitikisia majini. Iliyeyuka bila hata kuaga. Mkono ulimuwasha kuongeza, ee, ulimuwasha kwelikweli. Akaukalia.

Alisimama maji yalipoanza kuunguruma. Tangawizi. Majani. Halafu maziwa, lita nne, akayamimina akiwa hapumui. Yakazama, yakapanda, yakageuka rangi ya udongo wa nyumbani. Akachovya mwiko, akauinua. Hakuna donge.

Foleni ilifika mpaka mlangoni. Anastasia alisimama mwisho kabisa, kikombe kifuani. Alipofika alichungulia ndani ya chai yake muda mrefu, kama mkaguzi.

"Umeitia?"

"Nimeitia."

"Mbona siioni wala siisikii?"

"Siku utakapoisikia," alisema Elieshi, "niletee tena ile katoni. Haya sogea, unaziba njia."